Kiti cha Pembeni

Mama watoto,

Huku hatujambo. Mama amepona kikohozi, na bati la jikoni lililokuwa linavuja nimeliziba.

Nimefurahi kwamba huko chuoni umeanza kuendesha lori. Kweli nimefurahi. Ila ile picha uliyotuma nimeitazama mpaka chai ikapoa. Yule mwalimu mwenye miwani, aliyekaa pembeni yako, anachekelea nini?

Nilipokupigia ulisema, "Baba watoto, ni sheria tu. Mwanafunzi haendeshi bila mwenye leseni ya lori pembeni." Nikauliza kama ningeweza kukaa mimi. Ukaangua kicheko. "Wewe? Leseni yako ni ya pikipiki! Hata gari dogo huruhusiwi."

Maneno hayo yamenikaa rohoni. Basi nimejiandikisha chuo cha hapa mtaani, nianze na gari dogo, kisha nipande mpaka lori. Jana nilishika usukani kwa mara ya kwanza. Mwalimu wangu ni dada mmoja mjane, mcheshi ajabu, ananukia vizuri. Anakaa pembeni yangu.

Usiwe na wasiwasi, mke wangu. Ni sheria tu.

Mimi mumeo,
wa pikipiki