Tonge la Kwanza

Jumatatu, 3 Machi 2025
Nimerudi nyumbani Bagara. Puto liko tumboni! Wamelipitisha mdomoni nikiwa usingizini, wakalijaza maji humo humo. Hakuna kisu, hakuna mshono. Daktari kule Arusha alisema kwa umri wangu na presha hii, kupasuliwa ni kutafuta makubwa. Litakaa miezi sita. Nitashiba upesi, nipungue, magoti yapate nafuu. Binti yangu Vailet anafurahi kama amepata mtoto. Mimi nataka jambo moja tu: kumwinua baba yake kitandani bila kuita majirani.

Mume wangu Damasi kaniuliza nilikuwa wapi. Nikamjibu. Akauliza tena.

Alhamisi, 6 Machi
Natapika tu. Vitu vya majimaji ndiyo chakula changu, na harufu ya mlenda inanifukuza jikoni.

Damasi kagoma kula tangu jana. Leo nimeelewa — hajaniona nikila! Kwa mama yake, kule Dareda, aliyepika ndiye anayekula tonge la kwanza, watu waone chakula ni salama. Majina ya wanawe kayasahau, hili hajalisahau. Na maisha yetu yote tumekula sahani moja. Nikajifanya nakula, tonge nikalificha kwenye kanga. Kaniona. Kageukia ukutani.

Jumapili, 9 Machi
Jirani yangu Xaveria kapitia hapa akitoka kanisani. Kaketi, kanawa, kala tonge la kwanza. Damasi kala sahani nzima! Nilisimama mlangoni na kikombe changu cha uji mwepesi. Nimefurahi. Nimelia pia, kwa wivu, uzee wote huu.

Jumamosi, 26 Aprili
Sasa nakula kidogo kidogo. Gauni langu la kitenge la Krismasi limekuwa turubai. Na magoti — asante Mungu! Leo nimemwinua Damasi peke yangu, nikamkalisha juani. Nilitaka kupiga vigelegele.

Akanishukuru vizuri sana. Asante, mama, Mungu akubariki. Kisha akauliza mimi ni wa kwa nani. Nikamwambia, mimi mkeo, Mama Vailet. Akacheka kwa adabu. Mke wake ni mnene, akasema. Akirudi nimwambie mumewe ana njaa.

Nimempigia Vailet. Alicheka kwanza. Nikasema nataka puto litolewe. Akauliza, na baba atainuliwa na nani?

Jumatano, 7 Mei
Xaveria, ambaye huja kila siku kula tonge la kwanza, yuko Singe msibani tangu juzi. Damasi hajatia kitu mdomoni ila maji. Nakula tonge la kwanza mbele yake, anatazama tu. Anasema anamsubiri mke wake. Mikono yake imekuwa myepesi, namwinua bila shida sasa. Laiti ningeshindwa!

Mchana huu nimevaa masweta mawili, nikajifunga vitenge tumboni na kiunoni, juu yake gauni la Krismasi. Jasho linanitiririka. Nimepika ugali na maziwa mgando anayoyapenda. Nikaketi pale pale pangu, upande wa kushoto.

Kanitazama kiunoni. Mkono ukatoka kwenye blanketi, nikadhani anataka kula. Akashika pindo la gauni.

Hili ni la mke wangu, akasema. Kwa nini umelivaa? Amekufa?

Nimeandika haya nikiwa bado nimeketi hapa. Pindo hajaliachia. Ugali unapoa, na anangoja nimjibu —