Shati la Sabato Mbele ya Helikopta

Roda, nakiri: hata mimi sikuliona lile shati. Bado niko Sironga, mbavu zinaniuma kwa kicheko.

Unamjua Daktari Anyona na wazimu wake wa kufundisha upigaji picha. Helikopta ya maharusi imelala uwanjani na kesho asubuhi inaondoka, kwa hiyo huu ndio usiku wake wa pekee kupata picha ya yale maonyesho anayoyaota. Kamera iache lenzi wazi sekunde thelathini, naye azunguke gizani akiipaka helikopta mwanga wa tochi.

Akatuhutubia dakika ishirini, Roda! "Mpakaji sharti avae nguo nyeusi, asionekane." Naye katoka kanisani moja kwa moja, shati la Sabato jeupe pepepe!

Picha ikatokea. Helikopta hafifu, na mbele yake maumbo meupe matano, moja kila aliposimama na tochi, yote yenye kitambi cha Anyona.

Mwanafunzi wake Purity akauliza kwa upole, "Mwalimu, hawa malaika ni wa kwaya gani?"

Wa kwaya gani!

Daktari aliikagua kamera akitafuta kosa lake. Hakuliona. Akajitazama kifuani.

Sasa tochi anayo Purity, mwenye sweta nyeusi. Daktari anahesabu sekunde.