Mkanda wa Chala

Resi mwenzangu,

Sijui huko uliko barua zinafikaje, ila hili siwezi kukaa nalo. Ule mkanda wa video wa tamasha la kwaya kule Chala nimeuona. Ndiyo, ule ambao deki ya parokia ilikufa kabla hatujautazama, ukaufungia sandukuni kwako. Kila nilipokuambia tutafute deki nyingine, ulinijibu, "Haraka ya nini, Agata?"

Ulipokwisha kuzikwa, binti yako Yasinta aliniletea hapa Malangali, ameuviringisha kwenye kitenge chako cha kijani. "Mama alisema nikupe wewe." Nikaupokea kwa mikono miwili.

Unakumbuka kilichotokea Chala. Mwalimu alifunga mkono, kwaya nzima ikanyamaza, na sauti moja ikaendelea peke yake: "Aleluyaaa!" Kanisa lilicheka mpaka paroko akajifunika uso. Tulisimama bega kwa bega, mimi na wewe, na mimi nikawahi kukunyooshea kidole. Tangu siku hiyo wanakwaya wote wakakuita Mama Nyongeza.

Basi nikaupeleka mjini kwa Imelda, dada mmoja mwenye duka la kugeuza mikanda ya zamani iingie kwenye simu. Ana deki, nyaya tele, na kompyuta inayonguruma kama mashine ya kusaga. Faili la kwanza simu yangu ililikataa.

"Hiyo ni AVI, mama, simu yako haiijui," akaniambia. "Ngoja niigeuze iwe MP4."

La pili likafunguka, lakini sauti ilitangulia picha. Resi, ungecheka! Tulikuwa tunaimba midomo imefungwa, tukinyamaza ndipo tunaifungua. Mwalimu anapunga mikono na wimbo umeshakwisha. Ilipofika ile aleluya, hujui kabisa ni mdomo wa nani. Nikafurahi, Mungu anisamehe, maana shaka ilikuwa imeanza kuniingia.

"Imelda mwanangu, hii inatosha."

"Hapana, mama. Kazi mbovu haitoki dukani kwangu."

Akarudia. La tatu likakaa sawa, mdomo na sauti pamoja. Mwalimu akafunga mkono. Wewe umefunga mdomo. Mimi nimeuachia wazi, macho nimefumba kwa utamu, naendelea. Halafu wewe ukageuka ukanitazama. Mimi, Resi! Kumbe ulijua tangu siku ile ile.

Nililia palepale kwenye kiti cha plastiki. Imelda akadhani naulilia ujana. Nilipomweleza, akaniambia taratibu, "Hicho kipande naweza kukikata, mama. Hakuna atakayejua."

Nilitamani, sitakudanganya. Nilishika mkononi flashi yenye ile video, nikaiweka, nikaishika tena. Mwishoni nikamwambia akiache, tena anisaidie kukituma kwenye kundi la kwaya. Mwalimu, ambaye sasa anatembelea fimbo, alinijibu kwa ujumbe wa sauti: kicheko kitupu, mpaka kikohozi kikamkamata.

Jumapili baada ya misa nikaenda kwa Yasinta kumwomba radhi. Hakushangaa hata kidogo. Alinimiminia togwa, akasema, "Mama Agata, mama alituambia zamani. Alisema ukijua ni wewe utaona aibu, utaacha kwaya, na yeye atasimama na nani?"

Miaka yote hiyo umeitikia jina ambalo lilikuwa langu, na wala hukuninunia hata siku moja. Mimi nikinyimwa chumvi tu nanuna wiki.

Nisamehe, mwenzangu. Alhamisi mazoezini waliniambia nisogee, niizibe nafasi yako. Nilikataa. Nikasimama palepale pangu, pembeni yangu patupu, nikaimba alto yangu huku kamasi zinanitoka, mwalimu akajifanya haoni.

Nakuahidi, kwaya siachi. Wakitaka niondoke, watanibeba.

Lala salama, Resi.

Ni mimi,
Agata