Supachaja ya Mkono Mmoja

Melini, Bahari ya Mediterania
9 Februari 1993

Dada Marcy,

Hujambo, na Mama hajambo? Mgongo wake unavumiliaje baridi ya Youngstown? Mimi mzima, ila kahawa ya huku ingefaa kusafishia breki.

Dada, nimeamua. Gari langu la Mustangi nalitia supachaja. Katalogi za vipuri zimetufikia melini, tunazigombania kama mkate. Nataka ile kubwa, inayokaa juu ya injini na kuchomoza nje ya boneti, hata Denny Paskert aione kutoka mtaa wa pili. Tangu tumalize shule ananitambia na gari lake la Kamaro. Nikirudi, nampeleka uwanja wa mashindano nimtimulie vumbi mbele ya watu.

Wewe fundi, mimi baharia. Iagize, uifunge, nikifika nikute inanguruma. Nilikuwa sina hakika; sasa ninayo.

Mdogo wako,
Toby

*

Youngstown, Ohio
1 Machi 1993

Mdogo wangu Toby,

Sisi wazima, tunashukuru kusikia nawe u mzima. Mama kaisoma barua yako mara mbili, na mara zote mbili kauliza supachaja ni ugonjwa gani. Nikamwambia ni pampu inayozungushwa na mkanda wa injini, inaishindilia injini hewa. Ukiongeza na petroli, nguvu zinazidi. Akasema, "Kumbe ni ya kumlisha asiyeshiba."

Sasa sikiliza, we mtoto. Hilo dubwana silitaki. Tutaikata boneti, mvua iingie, na mbele usione kitu. Halafu pistoni zako ni za kiwandani. Ukizishindilia hewa kama mwehu, zinatoboka.

Nataka ile yenye umbo la konokono, inayofungwa ubavuni. Haina fujo, kadiri injini inavyozunguka kasi ndivyo inavyosukuma. Kasi ya chini huisikii, kasi ya juu inakubeba. Kwa mtu anayejua kucheza na klachi na gia kama wewe, ndiyo yenyewe. Na tununue seti kamili, pamoja na pampu kubwa ya petroli na kifaa cha kuchelewesha cheche. Anayekuuzia nusu seti anakuuzia injini mfu.

Nijibu upesi, na usinijibu upuuzi.

Dada yako,
Marcy

*

Melini
22 Machi 1993

Dada yangu mkorofi,

Salamu zako zimefika, na matusi pia. Hapa tu wazima, joto limeanza. Barua yako nimewasomea wenzangu chumbani. Mmoja akasema, "Huyo dada yako ameolewa?" Nikamwambia anauma.

Haya, umeshinda. Leta konokono. Lakini siku ya Denny naendesha mimi, si wewe. Nakujua.

Mdogo wako,
Toby

*

Youngstown
4 Mei 1993

Toby,

U hali gani huko? Mbona kimya? Mama kila siku anachungulia sanduku la barua, anarudi anasema posta wamelala.

Konokono imefika, iko mezani kwenye karatasi zake, sijaifunga. Denny alinikuta kituo cha petroli. "Marcy, unamtunzia mdogo wako gari au banda la kuku?" Nikamwambia, "Banda, na wewe ndiye jogoo wa kuchinjwa." Akacheka mpaka akamwaga soda.

Andika hata mstari mmoja.

Dada yako,
Marcy

*

Hospitali, Virginia
27 Mei 1993

Marcy

Mama kishakwambia. Kamba ya chuma ya meli ilikatika, ikanipata. Hakuna wa kulaumiwa. Mkono wa kulia haupo, kuanzia juu ya kiwiko. Naandika kwa kushoto, ndiyo maana unaona mwandiko wa kuku.

Uza gari. Mpe Denny akilitaka. Gia iko upande wa kulia, siwezi tena.

Usije. Nilimwomba Mama akukataze. Sitaki unione hivi.

Toby

*

Youngstown
8 Juni 1993

Mdogo wangu,

Sikuulizi hali, naijua. Mama anakusalimu. Alikaanga pirohi jana, zile za unga zilizojazwa viazi, akasahau akakupakulia na wewe sahani.

Gari siuzi.

Nimelia, nimemaliza. Jumapili nikamwambia Mama anifunge mkono wa kulia kwa mkanda, nyuma ya mgongo. Akadhani nimepata wazimu, lakini akafunga. Nikaingia kwenye Mustangi nikaenda nalo mpaka kwenye uwanja wa kiwanda cha chuma, pale hakuna wa kumgonga. Nikaona shida yako kwa mwili wangu. Kila ukitaka gia, nayo iko kulia, unauachia usukani, unajipinda kuvuka kifua, na gari limeshakwenda linakotaka.

Kwa hiyo ile giaboksi inatoka. Inaingia otomatiki, inayobadilisha gia yenyewe. Na konokono nayo haifai tena, Toby. Inataka mtu wa kuishikilia injini juu, gia baada ya gia. Nimeirudisha dukani. Muuzaji akaniambia, "Dada, hii ndiyo inauzika kuliko zote." Nikamwambia, "Basi haitakosa mtu."

Nimechagua nyingine. Ni fupi, inakaa juu ya injini lakini chini ya boneti, hukati kitu. Haitambi huko juu kama konokono. Lakini ukigusa tu mafuta, hapohapo inasukuma, tangu chini kabisa. Hungoji, hutafuti gia. Mguu wako unatosha, mkono wa kushoto unabaki kwenye usukani.

Denny kasikia. Jana kaja na gari la kukokotea magari mabovu, nyuma kalaza giaboksi ya otomatiki aliyoitoa kwenye Mustangi iliyopata ajali. Hakutania. Kasema, "Nionyeshe pa kuishusha," akavua koti.

Ukikasirika, kasirika. Mimi naendelea.

Dada yako,
Marcy

*

Youngstown
17 Julai 1993

Toby,

Tumekungoja, hujajibu. Natumaini jeraha linafunga. Mama mgongo haujambo.

Gari limekwisha. Mara ya kwanza kupanda mlima injini iligongagonga ndani, ile sauti ya kokoto kwenye kopo. Denny akasema, "Liachie, litazoea." Nikamwambia injini haizoei kifo. Nikabadilisha puli, kile kigurudumu cha mkanda wa supachaja, nikaweka kubwa zaidi ili izunguke polepole, nikachelewesha na cheche kidogo. Haikugonga tena, hata kwenye joto. Nguvu zimepungua, lakini zilizobaki ni za kudumu. Nimefunga na kirungu kwenye usukani, uugeuze kwa kiganja kimoja.

Jumamosi ijayo naja nalo Virginia. Usipotaka kuniona, sawa. Ufunguo nitamwachia muuguzi, nitarudi kwa basi. Lakini gari litakuwa chini ya dirisha lako, na kulitazama hutashindwa.

Dada yako,
Marcy

*

Virginia
21 Agosti 1993

Dada Marcy,

Natumaini wewe na Mama ni wazima. Mimi mzima, na safari hii nasema kweli.

Siku ile ulipokuja nilikuona. Nilisimama nyuma ya pazia, nikakutazama unaifuta vumbi ile boneti kwa mkono wa shati, kisha unavuka barabara kwenda kituo cha basi bila kugeuka. Niliona aibu mpaka nikakaa chini.

Gari nililikwepa siku nyingi. Muuguzi wetu, Bi Odessa Tillery, ndiye aliyechoka. Akaja na ufunguo, akasema, "Baharia, hilo gari linanichukulia kivuli. Liondoe." Nikamwambia siwezi. "Sikukuuliza kama unaweza. Twende." Akaketi pembeni yangu na pochi lake mapajani kama anaenda kanisani.

Nikawasha. Nikagusa mafuta kidogo tu, na dada, lilitusukuma mgongoni papo hapo! Bi Odessa akapiga kelele, "Yesu wangu!" kisha akasema, "Rudia." Nilicheka mpaka macho yakatoka machozi. Nilikuwa nimesahau sauti yangu nikicheka.

Ulichagua vizuri. Ile niliyoitaka mimi ningeifunga kwa ajili ya macho ya watu. Hii umeifunga kwa ajili ya mtu.

Tangu hapo nimekuwa nikijifunza, kila asubuhi. Juzi mkaguzi amenipa leseni: otomatiki tu, na kirungu kiwepo. Hospitali wananiruhusu Alhamisi. Wamenipa tiketi ya ndege, nimewarudishia. Napita milima ya West Virginia, nitalala njiani nikichoka, Ijumaa jioni niko nyumbani.

Denny mwambie ajiandae. Simdharau tena, lakini huruma sina.

Na Mama mwambie aache mlango wa gereji wazi. Mkono nilio nao utakuwa na kazi kwenye usukani.

Mdogo wako,
Toby