Baba Zaituni

Jumanne, Masasi

Karatasi za kumuasili Zaituni zimekamilika, lakini aibu bado inaniwaka usoni. Ofisi ya ustawi wa jamii niliingia na mjomba wake tu. Kwetu mtoto ni wa ukoo wa mama, na mama yake ni marehemu. Baba yake nilimwacha juani ashike baiskeli.

Afisa akauliza, "Baba anaitwa nani?"

"Baba Zaituni."

"Jina lake, mama."

Sikulijua. Ikabidi aitwe ndani.

Akaweka dole gumba, akafutia wino kwenye suruali yake ya mtumba. Kisha akaniuliza taratibu, "Sasa dada, nikija kumsalimia mtoto, mtaniita nani?"

Majirani wameshaanza kuniita Mama Zaituni. Naitika kwa sauti ndogo.