Mara Mbili Begani

4 Machi

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mgongo unaendeleaje? Mimi na Bibi tu wazima.

Baba, likizo yote hukuzungumza. Siku ya kuondoka ulinigonga begani mara mbili, kama mtu anayefukuza mbuzi, ukaingia garini. Nilikukosea nini? Bibi anasema, "Mwache, helikopta imemla masikio." Siku ya wazazi shuleni ni tarehe 30. Nitakuwekea kiti.

Mwanao

15 Machi

Binti yangu,

Marahaba. Mimi mzima, ila mgongo unanikumbusha umri.

Hukunikosea. Huku kazini tunakamata swala wa kuhamishiwa hifadhi nyingine; ninaning'inia kwa mkanda kwenye mlango wa helikopta, bunduki ya kurusha wavu mkononi. Swala akinaswa, naruka chini, nambana, namfunika macho kwa kitambaa. Kuanzia hapo hakuna kusema. Sauti ya mtu yaweza kumuua kwa hofu. Tunaongea kwa mikono. Kugonga begani mara mbili ni kusema, "Nipo, usiogope."

Kipanga, rubani wetu, hunicheka kwamba hata chai naiomba kwa vidole. Nikilala, ardhi bado inakimbia chini yangu. Nikija nyumbani maneno yanachelewa njiani.

Tarehe 30 nitakuja.

Baba yako

2 Aprili

Baba,

Shikamoo. Bibi hajambo. Wewe sijui.

Kiti kilibaki kitupu. Mwalimu alitaka kumpa mgeni mwingine, nikaweka begi langu juu yake.

Jana Kipanga alimpigia Bibi simu: swala amekupiga teke, mkono wa kuandikia umevunjika, umelazwa. Bibi akauliza, "Mwenyewe anasemaje?" Akajibiwa, "Huyo? Tangu lini akasema?" Bibi alicheka, kisha akaenda jikoni akakaa huko bila kuwasha moto.

Nangoja hata neno moja.

Mwanao

20 Aprili

Baba,

Shikamoo, na pole kwa mkono. Hapa ni salama.

Bahasha yako imefika, anwani kwa mwandiko usio wako, nadhani wa Kipanga. Ndani karatasi moja, haina neno, ila alama mbili za dole gumba zilizokaa pamoja. Bibi aliigeuza huku na huku. "Masikini! Kaichafua, kisha akasahau kuandika."

Niliichukua nikaiweka begani, nikasimama hivyo kidogo. Halafu nikamgonga Bibi mara mbili.

Akageuka na mwiko wake: "Wanifukuza jikoni mwangu?"

Muhula ujao begi langu litakaa tena kitini, mpaka uje.

Mwanao

••