Rangi Iliyo Chini ya Bluu

Zahanati ya Kijiji,
S.L.P. 11,
Kibiti, Rufiji.
14 Agosti, 1992

Mpendwa kaka Lucas,

Hujambo huko Bukoba? Wifi Vicky na watoto wanaendeleaje, na yule mdogo kikohozi kimemwacha? Sisi huku wazima, ila mimi nimechoka, maana malaria imejaza watu zahanati tangu alfajiri. Baba anakula na anatembea na fimbo yake. Jicho la kushoto ndilo limeingia ukungu.

Sasa nikuulize bila kuzungukazunguka: ni wewe uliyemtuma Mshamu?

Usiniambie humjui mpaka umalize kusoma. Mshamu ni fundi seremala wa Mbuchi. Wiki iliyopita alibisha hodi hapa nyumbani na gari moshi la mti, refu kama mkono wangu, magurudumu yanazunguka, na picha ya injini ya zamani. Alisema anachonga kwa ajili ya duka moja la Dar es Salaam. Mteja mmoja amelikataa gari lake kwa sababu alilipaka rangi ya kijani iliyobaki kwenye mlango. Anataka rangi ileile ya enzi zile. Picha yenyewe nyeusi na nyeupe, itamwambia nini? Basi akasema amesikia hapa yupo mzee aliyekuwa mpaka rangi wa injini, karakana ya reli Tabora.

Amesikia kwa nani? Mtu atoke Mbuchi, apande mtumbwi, apande gari, aje kuuliza rangi tu? Ng'o! Mimi nikawaza sanduku la bati la marehemu mama.

Hujasahau, Lucas. Mwaka 1983 wahujumu uchumi walipokuwa wanasakwa, na majirani wanatupa vitenge chooni kwa hofu, mama alikutuma utafute rangi ya bluu. Baba alikuwa kazini. Mlilipaka sanduku lote asubuhi moja, mimi nimeshika kopo. Hakuna aliyesema neno, lakini sote tuliamini kitu kimoja: rangi iliyo chini ni ya reli, na baba ameiiba. Baba huyohuyo aliyekuchapa kwa nati moja uliyookota karakana! Ndipo ulipoanza kumkwepa, mpaka leo. Najua siku hizi kila kitu ruksa, lakini mimi siamini. Faili la serikali halifi.

Kwa hiyo nilimjibu fundi mimi: "Zilikuwa nyeusi. Zote nyeusi."

Baba akainuka mkekani. "Nyeusi? Damu ya mzee! Na namba za njano."

Nikacheka, nikasema, "Msamehe, fundi, mzee wetu siku hizi anasahau."

Nilisema hivyo mbele ya mgeni, kaka. Baba akarudi mkekani. Jioni hakugusa chakula, asubuhi hakugusa uji. Naona aibu hata kukuandikia. Nilidhani namlinda, kumbe nimemvua nguo.

Siku ya tatu narudi kutoka kazini, namkuta Mshamu tena uani kwetu, na sanduku la mama liko nje juani! Baba anakwangua bluu kwa wembe. Nikakimbilia mlango wa ua kuufunga. "Baba, watu!" Akaniuliza, "Watu gani?" akaendelea. Rangi ya damu ya mzee ikatokea, safi, inang'aa.

Kisha akafungua kifuniko, akachana magazeti ambayo mama alibandika kwa ndani. Mgongoni mwa bati pamegongwa namba ya injini, mwaka, na alama ya msimamizi. Akatueleza polepole kama anafundisha darasa. Kabla ya kupaka injini walipaka kwanza kipande cha bati, wakakikausha juani, msimamizi akakilinganisha na rangi aliyoagizwa, akakubali, akakigonga alama. Injini ikishatoka, kile kipande hakina kazi tena, anapewa mpaka rangi aende nacho. Baba alikusanya sita, akampelekea fundi bati, akamtengenezea mama sanduku ulipozaliwa wewe. "Nilimwambia ni bati za kazini," alisema. Basi, hakuongeza neno, naye mama hakuuliza.

Mshamu alikuwa anachanganya rangi, nyekundu na nyeusi kidogo kidogo, anapaka kwenye kipande cha ubao na kukiweka kando ya sanduku. Akitaka kushangilia baba anamzuia: "Ngoja ikauke. Mbichi inadanganya." Alipopata ileile, alimshika baba mikono yote miwili. Habari za baba alizipata kwa wazee wa kahawa pale karibu na msikiti, ambako baba mwenyewe huzisimulia. Kwa hiyo kama hukumtuma, nisamehe.

Fundi alipoondoka, baba akaniuliza, kwa mara ya kwanza, nani alipaka bluu na kwa nini. Sikuweza kudanganya tena. Nikamwambia: mama na Lucas, na mimi nilishika kopo, tukiificha rangi ya reli wakati wa msako.

"Mama yenu alinidhania mwizi?"

Niliinama nikakusanya magamba ya bluu.

"Mpaka anakufa?"

Wanasema kuuliza si ujinga, lakini nyumbani kwetu hakuna aliyeuliza. Miaka mitano mama alilala kando yake na neno hilo moyoni, akaenda nalo kaburini.

Nilichukua wembe nimalizie bluu iliyobaki, ili lirudi kama zamani. Baba akanishika mkono. "Iache," alisema. "Ni kazi ya mkono wake."

Njoo, kaka. Barua haitoshi, wala sitaki unijibu kwa barua. Mama hana tena nafasi ya kumuuliza baba. Wewe unayo, na jicho lake la kulia nalo limeanza kuingia ukungu.

Msalimie wifi Vicky, uwabusu watoto, na shangazi Wilhelmina ukipita kwake Tabora mwambie namkumbuka. Mungu akutangulie njiani, maana mimi nimekwishamwambia baba unakuja.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Blandina